Nilivyomtembeza Mkwe Kutoka Shinyanga Mpaka Nkome

Tangu nirudi sijapita pale kijiweni kwenye kahawa bila kuvutwa shati. Wote mnauliza neno lile lile: shangazi mtu kasema nini? Nikianza kueleza, mmoja anadakia habari za msiba, mwingine anataka kwanza asikie habari za ziwa, kahawa inapoa nami sijafika hata Kahama. Basi nimeamua kuandika, msome kwa utulivu.

Kwa asiyejua mwanzo wake, mwanzo ndio huu. Rama ni mtoto wa marehemu dada yangu. Baba yake naye alitangulia mapema, nikamlea mimi mpaka akaota ndevu na kwenda Geita kuchimba dhahabu. Siku moja alikwenda Dar kwenye harusi ya rafiki yake, akakutana na binti wa Kizaramo, Mwajuma, na tangu siku hiyo hatukupumzika. Tulipeleka posa. Mwajuma naye amelelewa na shangazi yake, Bi Zainabu wa Mbagala, mama mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Bi Zainabu hakukataa posa, wala hakuikubali. Alisema tu, "Nasikia huko kwenu watu wanaingia ardhini kama panya buku. Nitakuja nione kwa macho yangu, kisha nitawajibu."

Sasa mnanijua mimi. Miaka mingi nimetembeza Wazungu kule Arusha, nikarudi nyumbani na gari langu aina ya Noah na ndoto ya kuwaonyesha watu nchi yetu, nanyi mkanicheka: "Mtalii Shinyanga utamwonyesha nini, vumbi?" Kwa hiyo niliposikia Bi Zainabu anakuja kuona, nilimwambia mke wangu kwamba Mungu ameniletea mgeni wangu wa kwanza. Nikapanga ratiba kamili: kuzunguka mji wa Shinyanga, kuonja asali na vinywaji Masumbwe, kuona machimbo Geita, na kumalizia na matembezi ya boti ziwani Nkome. Habari za tiketi na simu za kupanga nawasamehe. Nilikuwa na hakika kwamba akishaona haya yote, harusi tunayo.

Shinyanga mjini

Tulianza asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nilimpeleka Bi Zainabu sokoni, nikamwonyesha mchele wetu ulivyopangwa vilima vilima, nikamwonyesha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo bila hivyo hakuna Msukuma aliyekua. Alichukua kipande kimoja, akakitafuna kwa adabu. Nikamwonyesha punda wakivuta madumu ya maji, kila mmoja akijua njia yake bila kuambiwa. Aliangalia, akaitikia kwa kichwa.

Kisha tukaenda upande wa Kolandoto kwenye yale mawe makubwa. Mimi nimezaliwa karibu na mawe yale, nimeyapanda nikichunga ndama, wala sikuwahi kuyafikiria. Siku ile, kwa kuwa nilikuwa na mgeni, niliyatazama. Jiwe limekaa juu ya jiwe, na juu yake jingine kubwa kuliko nyumba, limeegemea mahali padogo kama kiganja, na halijaanguka tangu dunia iumbwe. Chini yake mbuzi wamelala kivulini bila wasiwasi wowote. Nilishtuka kwamba nimeishi miaka yote hii chini ya kitu cha namna ile na sijawahi hata mara moja kuvua kofia.

"Nani aliyapanga?" aliuliza Bi Zainabu. Lilikuwa swali lake la kwanza.

"Mungu, shangazi."

"Alikuwa na nafasi siku hiyo," alisema, akarudi garini, akakaa kiti cha nyuma nilikomweka.

Hapo nieleze jambo moja, maana ndilo lililonigharimu. Kwetu sisi mkwe ni mtu mzito. Mkwe humtazami usoni kwa muda mrefu, huketi naye bega kwa bega, na zaidi ya yote huli naye sahani moja wala meza moja. Nimekulia humo. Bi Zainabu alikuwa mkwe wa Rama, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba wa Rama, nilimheshimu maradufu. Nilimfungulia mlango, nikamwekea mto, na kila ilipofika saa ya kula nilimwandalia peke yake, nikajitoa. Nilijiona nimefanya kazi nzuri kabisa.

Njia ya Kahama

Kabla ya Kahama tulisimamishwa na ng'ombe. Sisemi ng'ombe wa kuvuka barabara mkapiga honi wakapisha. Walitoka upande wa kulia, wakajaza lami, wakaingia upande wa kushoto, na upande wa kulia bado walikuwa wanatoka. Vumbi lilipanda mpaka jua likawa kama yai. Pembe zilipita dirishani karibu kabisa na uso wa Bi Zainabu, naye hakurudi nyuma. Mchungaji mmoja, mtu mzima mwenye fimbo na blanketi, alituamkia, "Mwangaluka," nami nikamjibu kwa Kisukuma. Bi Zainabu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa wote wana mwenyewe?"

"Wana mwenyewe. Na akikosekana mmoja jioni, anajua ni yupi."

Aliwafuata kwa macho mpaka wa mwisho alipopita. "Subhanallah," alisema. Nilifurahi moyoni, maana neno hilo katika kazi yangu ya zamani lilikuwa sawa na kupigiwa makofi.

Kahama tukala kwa mama ntilie mmoja karibu na stendi. Ugali ulioletwa ni ule wetu, uliosimama. Bi Zainabu aliutazama, akatazama kulia na kushoto kutafuta watu wengine watakaoula.

"Huu ni wa nani?" alimuuliza mama ntilie.

"Wako, mama."

"Wangu na nani?"

"Wako peke yako. Ukiisha nitaongeza."

Nilitamani kucheka lakini ukwe ulinikaba. Nikamnawisha mikono, nikamtakia chakula chema, kisha nikachukua sahani yangu na kwenda kula nimesimama nyuma ya gari. Niliporudi, alikuwa amemega pembeni kidogo tu, na samaki wa kitoweo alikuwa hajaguswa. Nikadhani chumvi imezidi. Njia nzima baada ya hapo alikuwa amegeuzia uso dirishani. Nilimwonyesha misitu ilivyoanza kuwa mizito, nikamweleza habari za nyuki, na jibu lilikuwa "eeh" na "haya". Hapo hofu ikaanza kuniingia. Nikaona Mwajuma anatuponyoka na sijui kosa langu liko wapi.

Masumbwe, tulikokwenda kuonja

Masumbwe ndiko nilikokuwa nimetegemea. Kuna mzee mmoja, Mzee Kashindye, Msukuma mwenzangu aliyehamia huko akiwa kijana kwa kufuata nyuki. Ana mizinga porini na mkewe, Mama Kabula, ni hodari wa kupika wanzuki, ile pombe ya asali. Watalii wangu wa baadaye nilipanga waonje wanzuki kama Wazungu wanavyoonja mvinyo, kwa kunusa kwanza. Kwa Bi Zainabu, ambaye ni mtu wa swala tano, nilikubaliana na mzee kwamba pombe isionekane kabisa. Badala yake angeandaa asali tupu: ya maua ya miyombo, ya maua ya mininga, na ile ya nyuki wadogo ambayo ni chachu kidogo na watu huihifadhi kama dawa. Mzee aliniambia kwenye simu, "Mlete huyo mama. Akionja asali yangu ataomba aolewe yeye."

Tulipokaribia nyumba yake tulikuta turubai limefungwa uwanjani, wanawake wameketi kwenye mikeka, wanaume wako kwenye mabenchi, na pembeni ya nyumba udongo mwekundu umetolewa shimoni. Nilizima gari. Kijana mmoja wa pale akaja dirishani akanipa mkono. Mzee Kashindye alikuwa ameanguka jana yake akitoka kwenye mizinga, na hakuamka. Walikuwa wanajiandaa kumzika.

Jamani, nililia palepale kwenye usukani. Nilimlilia mzee, na siwafichi, nililia pia kwa ajili ya ratiba yangu. Nilijua mkwe atasema tumemleta kwenye mkosi. Nikageuka nimwombe radhi na kumwambia tutatoa pole tuondoke.

"Marehemu kabila gani?" aliuliza Bi Zainabu.

"Msukuma, shangazi."

"Ana mtani hapa?"

Sikuelewa. "Sijui. Huku ni mbali na..."

Hakuningoja nimalize. Alifungua ushungi wake wa kanga, akabaki na mtandio, na ile kanga akaifunga kiunoni, akaikaza. Akashuka. Nilimwona akipita katikati ya mikeka ya wanawake, akapita mabenchi ya wanaume, akafika ukutani ilipotundikwa kofia ya marehemu ya kulinia asali, ile yenye wavu. Akaitungua, akaivaa kichwani. Kisha akaenda mpaka kwenye ule udongo mwekundu, akaketi juu yake, miguu ikining'inia kaburini.

"Hazikwi mtu hapa!" alipaza sauti. Ile sauti ya chini niliyokuja nayo tangu Shinyanga ilikuwa imebaki garini.

 Mzee mmoja akasimama na fimbo. "Wewe mama ni nani?"

"Mimi Mzaramo!"

Sijui niwaelezeje kilichotokea. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu zetu waliobeba mizigo kwa miguu kwenda pwani, hilo tunalijua sote, tunalitania kwenye baa na kwenye mpira. Lakini ni wangapi kati yetu wamemwona mtani akifanya kazi yake msibani, kazi yenyewe ya zamani? Neno "mtani" lilipita uwanjani kama moto kwenye nyasi kavu. Yule mzee aliishusha fimbo yake, na meno yakaonekana.

"Kashindye!" Bi Zainabu alikuwa anazungumza sasa na jeneza lililowekwa kando ya kaburi. "Kashindye, mtu gani wewe? Umenitoa Dar es Salaam, umeniambia njoo uonje asali, nimekaa kwenye gari na huyu Msukuma wako asiyejua kuzungumza, nafika mlangoni kwako unajifanya umelala! Hii ndiyo karibu ya Kisukuma? Amka! Kama asali ni chungu sema, usikimbilie shimoni!"

Watu walicheka. Walianza vijana, kisha akina mama kule kwenye mikeka wakajifunika nyuso kwa kanga na mabega yakatikisika. Bi Zainabu alisimama akatembea huku na huku na ile kofia, akipunga moshi usiokuwepo, akijipiga vibao shingoni kama aliyeumwa na nyuki. Wallahi alikuwa hajawahi kumwona Mzee Kashindye hata siku moja, lakini mwendo ule ulikuwa wa mzee mwenyewe. Wale waliomfahamu ndio waliocheka mpaka machozi.

"Sitoki," alisema, akaketi tena. "Nimeitwa kuonja, na nitaonja. Leteni faini yangu."

Wakaleta, maana mtani akikalia kaburi hainuki mpaka alipwe. Mama Kabula mwenyewe, mjane, aliinuka akaingia ndani, akatoka na bakuli za asali ambazo mzee alikuwa amezitenga kwa ajili yetu. Bi Zainabu alionja moja baada ya nyingine, akiwa pale pale juu ya udongo, huku akinusa na kufumba macho kuliko mtalii yeyote niliyewahi kumwona. Ya miyombo akasema ni ya mtu mkarimu. Ya mininga akasema ni ya mtu mbishi. Alipofika kwenye ile ya nyuki wadogo hakusema kitu. Alichovya kidole, akamwita Mama Kabula kwa ishara, akamtia ile asali mdomoni kama mtu anavyomlisha mtoto.

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba tangu jana yake yule mama hakuwa ametia kitu kinywani, wala hakuwa ametoa chozi. Alikuwa amekaa tu kama gogo na watu walianza kuogopa. Alimeza. Akacheka kidogo. Kisha kile kicheko kikakatika katikati, akamwangukia Bi Zainabu begani na kulia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Wakalia wote wawili, mmoja Msukuma na mmoja Mzaramo, na uwanja mzima ukalia nao. Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye mlango wa gari.

"Haya," alisema Bi Zainabu alipopata pumzi, akivua kofia. "Mzikeni sasa. Nimeridhika."

Baada ya maziko alikunja mikono ya gauni akaosha vyombo vya msiba pamoja na wenyeji. Chakula kilipoiva alichukua sinia, akaja nilipokuwa nimejitenga, akaliweka chini mbele yangu na kuketi upande wa pili.

"Kula."

"Shangazi, sisi na mkwe huwa hatu..."

"Hamfanyaje?"

Nikamweleza. Nikamweleza habari ya meza, ya macho na ya kiti cha nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho huku tonge likiwa mkononi.

"Baba Minza," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu, "tangu Shinyanga unaniacha nile peke yangu kama mgonjwa wa kuambukiza. Kwetu mgeni ukimwekea chakula ukaondoka, umemwambia aende zake. Nilisema hawa watu wana jambo wananificha, au wananidharau."

"Haki ya Mungu ni heshima, shangazi!"

"Heshima yenu inafanana sana na dharau. Leo mimi si mkwe, mimi mtani, na mtani hana ukwe. Kula, Msukuma wewe. Najua kaugali haka hakakutoshi."

Nikala. Tangu hapo alikaa kiti cha mbele.

Geita

Tulipita Ushirombo na Katoro, na Bi Zainabu hakunyamaza tena. Alinitania kuhusu gari langu, kuhusu tumbo langu, na kuhusu lafudhi yangu. Mimi nikamjibu kwamba Wazaramo waliuza mashamba wakanunua ngoma. Nikajua mambo yametengemaa. Nilikosea, maana yalikuwa hayajafika hata nusu.

Rama anachimba kwenye duara moja nje ya mji. Duara ndilo shimo lenyewe la kuchimbia dhahabu, na hili lina masharti yake: hukaribii mdomo wake ukiwa na viatu. Msimamizi alituambia tuvue. Bi Zainabu alitembea peku juu ya kifusi cha moto bila kulalamika, mashine za karasha zikisaga mawe pande zote mpaka ardhi ikawa inatetemeka nyayoni. Alifika ukingoni akashika nguzo ya winchi inayowashusha na kuwapandisha wachimbaji, akachungulia.

Nami nilichungulia. Niliwahi kufika pale mara nyingi, lakini sikuwahi kuchungulia, nilikuwa naogopa. Mwanzoni unaona magogo yaliyokazwa kutani kama ngazi. Chini yake unaona giza. Ukizoea giza unaona chini yake kuna giza jingine, na humo ndani kabisa, mbali kuliko akili inavyokubali, kuna kijitaa kidogo kinasogea. Hewa inayotoka humo ni ya uvuguvugu na inanuka mawe. Ukitega sikio unasikia nyundo, na nyundo ile imeshikwa na mtoto uliyemfunga kamba za viatu. Mtu ametoboa dunia kwa mikono. Niliogopa na kustaajabu kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia.

Kamba ikaanza kukaza. Winchi ikalia. Akatoka mtu mweupe kwa vumbi kuanzia kope mpaka ukucha, ni macho tu yaliyokuwa ya binadamu. Alipotuona alishtuka, akageuka haraka akatupa mgongo, akainamisha kichwa.

"Ndiye?" aliuliza Bi Zainabu.

"Ndiye."

"Amegeuka kwa heshima au kwa aibu?"

"Kwa heshima, shangazi. Wewe kwake ni mkwe kamili, si mtani kama kwangu."

Aliutazama ule mgongo kwa muda. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye jasho, likafanya mistari. Nilitegemea utani, hata neno moja. Alivaa viatu vyake, akarudi garini, akafunga mlango polepole. Jioni hiyo wala asubuhi iliyofuata hakunitania tena, na nilipomuuliza ameonaje, alisema, "Nimeona." Rama aliniuliza pembeni, "Mjomba, nimeharibu?" Nilimwambia akaoge, tuna safari ya boti.

Nkome

Ratiba ilisema boti, basi tukaenda kwenye boti. Rama alioga, akavaa shati jeupe, akaja nasi, akakaa nyuma kabisa ya gari. Tulipofika mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, tuliambiwa upepo umechafuka, tusubiri. Tukasubiri kati ya dagaa waliotandazwa juani, eneo zima liking'aa kama bati jipya, wanawake wakiwageuza kwa reki na harufu ikituingia mpaka kwenye nguo. Tuliletewa sato wa kukaanga na ugali wa muhogo. Bi Zainabu na mimi tulikula sahani moja. Rama alikula nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa.

Upepo ulipotulia nahodha alitupa majaketi ya kuokolea, tukasukumwa. Nchi kavu ilirudi nyuma, kelele za mwalo zikazimika, na ghafla kulikuwa na maji tu. Mbele kulikuwa na visiwa, vyeusi kwa miti, na baada ya visiwa hakukuwa na kitu mpaka mbingu. Bi Zainabu, mtu wa bahari, alishusha mkono, akachota, akaonja.

"Nilijua hayana chumvi," alisema. "Lakini ulimi ulikuwa haujui." Akachota tena. "Na hayajai wala kupwa?"

"Hayajai wala kupwa. Yapo tu," alijibu nahodha.

"Allahu Akbar. Yote haya, na mtu anaweza kunywa." Aliyatazama mpaka macho yakamlowa. Nami niliyatazama kama yeye. Nimeshaonyesha watu tembo na milima yenye theluji, nikisoma maneno niliyokariri. Ndani ya boti ile mimi ndiye nilikuwa mtalii.

Kisha akasema, bila kugeuka, "Baba Minza, niulizie mkwe wangu jambo."

Rama alikuwa ameketi hatua chache tu, ametupa mgongo. Alikuwa anasikia kila kitu. Lakini ndivyo inavyotakiwa, nami nikawa daraja.

"Muulize, siku akikaa huko chini mpaka jua likazama na hajatoka, nani anamwambia mke wake?"

 Nilimwomba Mungu kijana aseme uongo mzuri.

"Mjomba, mwambie shangazi," alisema Rama, "mwanzoni hakuna anayemwambia. Watu wanachimba kwanza. Wanaogopa kusema kabla hawajajua. Mke anajua mwenyewe, kwa kuona sijarudi."

Nilifumba macho. Nilijua harusi imezama palepale, mbele ya visiwa.

Bi Zainabu alitoa simu kwenye mkoba, akatazama kama mtandao upo, akapiga. "Mwajuma? Niko juu ya maji. Wewe, ulijua kwamba huyu kijana anashuka chini mwenyewe?" Sauti ya binti ilisikika nyembamba, lakini ilisikika: "Najua, shangazi. Ndiyo maana nikakuomba uende wewe. Mimi nampenda, siwezi kuona sawasawa. Niambie kama nitaweza."

Hilo hatukulijua, si mimi wala Rama. Mgongo wa Rama ulisimama wima.

 Bi Zainabu alimjibu polepole, kwa ile sauti ya chini ya siku ya kwanza.

"Mwanangu, sitakudanganya. Shimo lile linatisha, na Mungu asipomlinda utafiwa mapema. Nilikuja kuangalia utaishi vipi huku, lakini kuishi hakunisumbui, kila mahali watu wanaishi. Nimetazama utafiwa vipi. Nimekaa msibani na watu hawa. Sikuwa namjua mtu, na walinishika kama tumezaliwa tumbo moja. Hata siku ikiwa mbaya, hutalia peke yako. Njoo."

Rama alijiinamia mpaka paji la uso likagusa magoti. Nahodha alijifanya anatazama injini. Mimi sikujifanya kitu, nililia kama nilivyolia Masumbwe, na safari hii si kwa ajili ya ratiba.

Simu ilipokatika, Bi Zainabu aligeuka kwa mara ya kwanza akamwelekea Rama, ukwe akautupa ziwani. "Na wewe, nisikilize mwenyewe, usitafute daraja. Kila siku ukitoka chini, kabla hujanawa uso, kabla hujanywa maji, unampigia. Asikusubiri kwa kutazama jua. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Ndivyo alivyosema shangazi mtu, na sasa mnajua. Juzi Rama alikuja nyumbani kuniona kwa ajili ya mipango ya harusi. Aliacha simu yake mezani akaenda kuoga, ikaita, nikaichukua nimpelekee. Kioo chake kilikuwa kimeganda vumbi jeupe la mawe, na katikati ya vumbi hilo palikuwa pamefutika mahali pamoja tu, pa kidole, panapokaa jina la Mwajuma.